Mita Hainunuliwi kwa Ulimi Mtupu

Sisi watu wa Pwani tumelelewa katika kupatana bei. Mtoto bado hajajua kuhesabu hadi mia, keshamsikia mamake katika Barabara ya Biashara hapa Mombasa akimwuliza mwenye duka la leso, "Mwisho ngapi?" Keshamwona akigeuka kama mtu anayekwenda zake, mpaka aitwe kwa nyuma, "Njoo, mama, njoo tusikizane!" Kwetu sisi, kulipa bei ya kwanza bila ya kusema neno ni kama kumnyima muuzaji salamu. Wazee walisema biashara haigombi, na kupatana bei si ugomvi. Ni mazungumzo ya watu wawili wanaotafuta pale ambapo kila mmoja ataondoka ameridhika.

Kwa miaka mingi nimejihesabu kuwa hodari wa mazungumzo hayo. Kazi yangu ni maneno, iwe ni gazetini au katika utenzi, na sikudhani kuna mwenye duka ambaye ningeshindwa kumlainisha. Lakini kuna bidhaa ambazo ulimi peke yake hauziwezi. Somo hilo nimelipata kwa mpwa wangu, mtoto wa dada yangu, kijana ambaye mimi mwenyewe nilimpeleka chuoni akiwa na juzuu yake mkononi. Leo nalileta kwa wasomaji kwa sababu halikuja bure.

Mpwa wangu ni fundi. Alianza na redio, akaingia kwenye televisheni, na siku hizi huletewa kila chenye waya: mashine za kufulia, chaja za simu, hata vyombo vya kugeuzia umeme wa jua. Fundi wa namna hii haoni anachokitengeneza, kwa maana umeme hauonekani. Macho yake ni vyombo vya kupimia. Cha kwanza ni mita, ambayo humwonyesha volti, ampea na ohmu. Cha pili, kwa mwenye uwezo, ni osiloskopu, yaani chombo chenye kioo ambacho huuchora umeme kama mawimbi ya bahari, fundi akaona ni wapi wimbi limeharibika. Bila ya vyombo hivyo, fundi ni kama tabibu asiyeweza kushika mshipa wa mgonjwa.

Alipofungua kibanda chake nilitaka kumpa zawadi itakayomfaa. Nikaenda dukani peke yangu, nikachagua mita ya rangi ya manjano iliyofanana na zile za kampuni moja mashuhuri ya ng'ambo. Muuzaji akataka shilingi 4,500. Nikamsifu, nikamlaumu, nikamchekesha, nikatoka mlangoni mara mbili, na mwisho nikaichukua kwa 1,800. Nilirudi nyumbani nikijiona simba. Sikujiuliza hata mara moja kwa nini mtu akubali kupoteza zaidi ya nusu ya bei yake kwa ajili ya mzaha wangu.

Miezi michache baadaye kijana aliitwa kwenye nyumba moja kupima umeme katika kisanduku cha swichi kuu. Alikuwa amesahau waya mmoja wa mita katika tundu la kupimia ampea, kosa ambalo hata fundi mzoefu huweza kulifanya siku ya haraka. Mita iliyoundwa kwa haki ina fyuzi maalumu ya kauri iliyojazwa mchanga. Likitokea kosa kama hilo, fyuzi hukatika, mchanga huizima cheche, na fundi hupoteza fyuzi tu. Ile niliyoinunua mimi iliandikwa juu kwamba inahimili volti 1,000, na ndani, pale palipostahili fyuzi, palikuwa na kipande cha waya. Ilimpasukia mkononi. Alhamdulillahi, macho yake yalisalimika. Lakini kovu liko katika kiganja chake cha kulia hadi leo, na kila akinipa mkono nalihisi.

Hakunilaumu hata siku moja. Na alipokuwa tayari kununua osiloskopu yake ya kwanza, alinijia mimi.

"Mjomba," akaniambia, "nataka tufuatane Nairobi. Lakini safari hii maneno niachie mimi."

Bei si uzito wa chuma

Kabla hatujaondoka, kijana alinifungulia daftari lake, nami nikaona kwamba biashara alikuwa ameianza zamani, kabla ya kumwona muuzaji yeyote.

Ukurasa wa kwanza ulikuwa na swali moja: nataka kupima nini? Osiloskopu huuzwa kwa megahezi, yaani kwa wepesi wa mawimbi ambayo inaweza kuyachora sawasawa, na kadiri megahezi zinavyopanda ndivyo na bei inavyopanda. Mafundi wana kanuni yao: tazama masafa ya juu kabisa ya kazi yako, kisha uyazidishe mara tano. Kwa kazi za kibanda chake, megahezi 50 au 60 zilimtosha na kusalia. Mtu asiyejua hesabu hii ataambiwa achukue ya 200, naye ataona amepunguziwa bei, kumbe amelipia asichokihitaji.

Ukurasa wa pili ulikuwa wa bei. Aliuliza bei ya mpya na bei ya iliyokwisha kutumika, akauliza mahali pengi, na kila mahali akauliza pia kama kodi ya VAT ya asilimia 16 imo ndani ya bei hiyo au itaongezwa mwishoni. Aliuliza hata Dubai, ambako jamaa zetu wengi hufuata bidhaa. Lakini bei ya Dubai si bei ya Mombasa. Juu yake weka nauli ya mzigo, ushuru na kodi, kisha ujiulize: chombo kikifika kimevunjika, nani atakirudisha? Alipojumlisha yote, akaona kwamba kwake yeye ni afadhali anunue kwa mtu anayeweza kumrudia kwa miguu.

Nikamwuliza kama vitu hivi vya kitaalamu havina bei iliyokatwa kiwandani, isiyojadiliwa. Akacheka, akanisimulia visa viwili.

Mwaka 1939 huko California, wahandisi vijana wawili, William Hewlett na David Packard, walitoa chombo chao cha kwanza cha kupimia, wakakipa bei ya dola 54 na senti 40. Packard mwenyewe alieleza baadaye kwamba hawakuwa wamepiga hesabu ya gharama. Tarakimu hizo ziliwakumbusha tu wito wa kisiasa wa zamani juu ya mpaka wa Marekani. Haukupita muda wakagundua kwamba kwa bei hiyo hawawezi hata kukiunda, ikawabidi waipandishe. Kisa cha pili ni cha mwaka 2010. Mafundi waligundua kwamba osiloskopu moja ya kampuni ya Rigol ya Uchina, iliyouzwa kama ya megahezi 50, ndani yake ilikuwa sawa na mwenzake wa megahezi 100 aliyeuzwa ghali zaidi. Kilichowatenganisha kilikuwa programu tu.

"Basi, mjomba," akasema, "bei ya vyombo hivi si uzito wa chuma chake. Ni kile ambacho muuzaji anadhani mnunuzi atakubali. Na penye kudhani, pana nafasi ya kuzungumza."

Akanitajia nafasi zenyewe. Aina mpya ikitoka, ile ya zamani iliyobaki rafuni hushuka, ingawa kazi yake ni ile ile. Chombo kilichokuwa cha maonyesho dukani huuzwa kwa bei ya chini, na aghalabu dhamana yake haijapungua. Wauzaji wa makampuni makubwa huwekewa kiasi cha mauzo cha kutimiza, na mwisho wa mwezi au wa robo ya mwaka nyoyo zao hulainika. Vyuo vya ufundi huweza kupata bei yao maalumu, lakini sharti waiulizie. Na muuzaji akiapa kwamba bei haishuki, usikasirike. Mwulize ataongeza nini. Waya za kupimia, mkoba, dhamana ya miezi zaidi, cheti cha kuthibitisha usahihi wa kipimo, vyote hivyo ni pesa.

Nacho kikuukuu si lazima kiwe kibovu. Mafundi wa umri wangu wanaikumbuka mita ya AVO, sanduku jeusi lenye mshale, lililotumika miaka mingi. Jina lake limetokana na herufi za mwanzo za ampea, volti na ohmu. Mita ya kwanza ya jina hilo ilitoka Uingereza mwaka 1923, kwa wazo la Donald Macadie, mhandisi wa Posta. Ile iitwayo Model 8 ilianza mwaka 1951, ikaendelea kuundwa mpaka 2008. Anayeijua akikuta moja inauzwa, huuliza kwanza kama ina betri yake ya volti 15, kwa sababu betri hiyo si ya kupatikana kila duka. Swali hilo moja hushusha bei kuliko nusu saa ya kulalamika.

Tuliyofunzwa chuoni

Tulipanda gari moshi asubuhi kutoka Miritini, na njiani, tukivuka mbuga za Tsavo, fikira zilinirudisha chuoni. Mwalimu wetu alipofika mlango wa biashara alitufundisha kwamba kuuza kisichojulikana, kama samaki aliye bado baharini, ni gharari, na haifai. Alitufundisha kwamba anayepandisha bei ya kitu asichotaka kukinunua, ili kumhadaa mwingine, amefanya najshi. Alitufundisha kwamba muuzaji ni wajibu wake kuibainisha aibu ya bidhaa yake, na akiificha mnunuzi ana hiari ya kuirudisha. Sisi wa madhehebu ya Shafi tuna na hiari ya kikao: maadamu wawili hao hawajaachana pale walipopatania, kila mmoja anaweza kuvunja.

Na alitusimulia jinsi Mtume, rehema na amani zimshukie, alivyopita sokoni akaingiza mkono katika rundo la nafaka, vidole vyake vikakuta maji chini, na jinsi alivyomkemea mwenye nafaka kwa kuificha iliyolowa. Iko pia sura nzima, ya 83, iliyopewa jina la wapunjao vipimo.

Yote hayo nayajua tangu utotoni. Na bado niliinunua mita, kipimo chenyewe, bila ya kuingiza mkono chini ya rundo. Niliishindania bei tu. Laiti ningemwomba muuzaji aifungue mgongo tuione fyuzi, kwa dakika mbili na bisibisi moja, mkono wa kijana ungekuwa mzima.

Katika duka la Nairobi

Barabara ya Luthuli inajulikana Kenya nzima kwa vitu vya umeme. Karibu na hapo, ghorofani, palikuwa na duka dogo la vyombo vilivyokwisha kutumika, na mwenyewe ni mzee wa makamo, miwani puani. Mpwa wangu akamwamkia, akaangaza macho, akaiona osiloskopu ya Tektronix ya miaka ya 1980, ya njia mbili na megahezi 60.

"Hii ngapi, mzee?"

"Arubaini na nane. Hiyo ni Tektronix, si mchezo."

Ulimi wangu ukawasha. Kabla sijajizuia nikasema, "Eh, bwana! Mbona duka la pale chini wametupa kwa..." Mkono ukanigusa begani, ule wenye kovu.

"Mjomba," kijana akasema kwa upole, "sisi hatujaingia duka lingine lolote leo."

Nilitamani sakafu inimeze. Mwenye duka alinitazama, akamtazama kijana, kisha akacheka na kutuvutia vigoda viwili. Nikakaa kimya, na kuanzia hapo nikawa mwanafunzi.

Kijana aliomba chombo kiwashwe. Akatoa probu yake mkobani, akaiunganisha na kile kidoko kilicho mbele ya chombo, ambacho hutoa wimbi la mraba linalojulikana, ili mtu akijaribu chombo kwa chombo chenyewe. Njia ya kwanza ikachora miraba yenye pembe zilizonyooka. Njia ya pili nayo ikachora, lakini swichi ilipozungushwa mstari uliruka. Hakuguna wala hakukunja uso. Aliandika. Kisha akaomba chombo kiachwe kinawaka nusu saa, tukaletewa chai.

Chai ilipokwisha, alimwonyesha mzee daftari. "Chombo ni kizuri, nami nakitaka," akasema. "Hizi ndizo gharama zitakazonikuta. Swichi ya njia ya pili yataka kufunguliwa na kusafishwa. Probu hazipo, na hizi ndizo bei zake. Kapasita za umri huu zitataka kubadilishwa. Na sina cheti. Nikitaka kipimo kithibitishwe katika maabara ya KEBS, nitalipa. Kwa hivyo naweza elfu thelathini na mbili."

"Arubaini," akasema mzee.

Kijana hakujibu. Alikaa tu, akikitazama chombo. Mimi, ambaye kimya hunitia jasho, niliona dakika moja imekuwa mwaka. Ndipo mzee akavua miwani.

"Kuna moja hukuiona," akasema. "Ikiwaka saa mbili, ule mstari wa njia ya pili hupanda juu kidogo. Nusu saa haitoshi kuuona. Wewe hukunidanganya, basi na mimi nisikudanganye. Thelathini na sita."

Walipatana kwa 35,000, pamoja na probu mbili zilizokwisha kutumika lakini nzima, na risiti iliyoandikwa jina la chombo, namba yake, kasoro zilizokubaliwa, na siku 14 za kukirudisha ikionekana kasoro nyingine. Shilingi 13,000 zilishuka bila ya mtu kuinua sauti, bila ya kiapo, na bila ya mmoja wao kumdharau mwenzake.

Panapopunguzwa na pasipopunguzwa

Msomaji huenda akasema, hayo ni ya mafundi. Lakini siku hizi hata mwenye nyumba hununua mita ndogo ya kupimia betri ya jua au soketi ya ukutani. Basi ayashike machache.

Uliza bei ya kitu kile kile mahali patatu kabla hujataja bei yako. Omba kukijaribu, na nenda na kitu unachokijua cha kukijaribia, hata kama ni betri mpya tu. Kila kasoro itaje kwa jina na kwa gharama yake. "Hii mbovu, punguza" ni kelele. "Hii haina waya, na waya ni shilingi kadhaa" ni hoja, na muuzaji mwenye akili huisikia. Andikiana. Na bei ikishuka upesi kuliko ulivyotarajia, usijipongeze. Geuza chombo, utazame mgongoni.

Mwisho, jua pasipopunguzwa. Mita ya kupimia umeme wa nyumba lazima iwe na daraja la usalama kwa mujibu wa kanuni ya kimataifa ya IEC 61010. Daraja la CAT II ni la vyombo vinavyochomekwa kwenye soketi, CAT III ni la kisanduku cha swichi na nyaya za ukutani, na CAT IV ni la umeme unaoingia kutoka mlingotini. Lakini maandishi pekee hayatoshi, kwani ile yangu nayo iliandikwa; nunua kwa mwenye duka atakayekubali kukifungua chombo uione fyuzi, na atakayeweka jina lake kwenye risiti. Bei ya mkoba izungumzwe, bei ya cheti izungumzwe, bei ya megahezi izungumzwe. Bei ya fyuzi ilipwe.

Siku hizi nikipita kibandani kwa mpwa wangu huiona osiloskopu yake juu ya meza, njia zote mbili zikichora sawa, kwa maana ule mstari uliokuwa ukipanda aliutibu mwenyewe kwa kapasita mbili. Ukutani juu yake limetundikwa ganda la ile mita ya manjano, limeungua upande mmoja. Nilimwomba alitupe. Akakataa.

"Liache, mjomba," akasema. "Kila anayekuja hapa na kitu cha rahisi, humwonyesha hilo kwanza."

Nami, kwa kuwa sina cha kumlipa ila kazi yangu, nilimwandikia ubeti huu, akaubandika chini ya lile ganda:

Mteja fungua macho, kabula bei kupanga,
Kipimwe ununuacho, usinunue ujinga,
Ukijua utakacho, muuza hatakuchenga,
Ulimi bila ujuzi, bei hauteremshi.